Tulivyofundisha Wawili Lobule

Ninapoikumbuka Lobule, kitu cha kwanza kunijia ni harufu ya tumbaku inayokaushwa. Ilitoka kwenye vibanda virefu vya udongo, moshi mwembamba, mtamu kidogo, ukapita juu ya mashamba ya mihogo na kuingia darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo. Siku hizi sina hakika tena kama yote ninayoyasimulia yalitokea ndani ya muhula mmoja. Yamekaa kichwani mwangu kama vitu vilivyoonekana kupitia moshi ule. Viko karibu, lakini nikinyoosha mkono sivishiki.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanachuo wa ualimu mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, binti wa Kilugbara ambaye hakuwahi kulala mbali na kwao. Miaka ya sabini ilikuwa haijafika katikati. Kabla ya kupewa cheti, kila mwanachuo alitumwa shule moja kwa muhula mzima akafanye mazoezi ya kufundisha. Nilisoma jina langu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: shule ya msingi huko Lobule, upande wa Koboko, darasa la tatu. Mwenzangu mmoja alicheka. "Umepelekwa kwa Wakakwa," akasema. "Utafundisha kwa mikono?" Nilicheka naye, lakini sikujua hata neno moja la Kikakwa.

Lori la tumbaku lilinishusha Koboko mjini, na kutoka hapo nilitembea nyuma ya baiskeli iliyobeba sanduku langu. Mwalimu wa darasa la tatu ndiye aliyenipokea, na ndiye niliyekaa kwake muhula wote. Alikuwa Mnubi wa Koboko, mama wa makamo, mwenye mwendo wa taratibu kana kwamba ardhi ilikuwa imelala na yeye hataki kuiamsha. Babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudani, na nyumbani kwake lugha zilibadilishana kama wageni mlangoni: Kinubi kwa mumewe na watoto wake, Kikakwa kwa majirani, Kiswahili kwangu. Alivaa gurbaba, lile vazi pana la wanawake wa Kinubi, lenye maua makubwa, na kila mahali alibeba kapu la ukili wa rangi ambao alisukia vifuniko vya chakula.

"Karibu, binti yangu," akaniambia. "Kitanda yako iko pale. Maji iko kwa mtungi. Darasa tutaona kesho."

Desturi ya wakati ule ilikuwa hivi: mwalimu wa darasa alimwonyesha mwanachuo daftari la mahudhurio na kabati, kisha akatoka, na hakurudi mpaka muhula uishe. Kwake yalikuwa mapumziko. Kwetu yalikuwa mtihani. Mkufunzi wetu chuoni alituonya tusimruhusu mwalimu mwenyeji abaki ndani, watoto wasije wakamtazama yeye badala yetu. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, Mama Mwalimu (ndivyo nilivyomwita) alinikabidhi vipande vinne vya chaki, akawaambia watoto maneno machache kwa Kikakwa, akachukua kapu lake na kwenda kukaa chini ya upenu wa ofisi.

Watoto walikuwa themanini na zaidi. Nilikuwa nimeandaa somo la maji: yanavyopanda angani kwa joto la jua na kurudi kama mvua. Andalio langu la somo lilikuwa zuri, limeandikwa kwa wino wa bluu, na kila hatua ilikuwa na dakika zake. Nikasimama wima, nikasema kwa Kiswahili changu bora kabisa, "Leo tutajifunza juu ya maji."

"Leo tutajifunza juu ya maji," watoto wakasema wote kwa pamoja.

Nikatabasamu. Nikasema, "Tazameni picha hii."

"Tazameni picha hii!"

"Hapana, msirudie. Sikilizeni tu."

"Hapana, msirudie. Sikilizeni tu."

Walisema kwa bidii, kwa nyuso zinazong'aa, wakinisaidia. Walidhani hilo ndilo somo. Kadiri nilivyopandisha sauti, nao walipandisha. Mwishowe nilipiga kelele, "Nyamazeni!" na sauti themanini zikanijibu, "Nyamazeni!" mpaka njiwa waliokuwa juu ya mabati wakaruka.

Sijui nilimalizaje nusu saa ile. Ninachokumbuka ni kwamba kengele ilipopigwa nilitoka kwa hatua za heshima, nikazunguka nyuma ya kibanda cha tumbaku cha jirani, nikakaa juu ya gogo na kulia. Moshi ulinipa kisingizio kizuri cha macho mekundu. Baada ya muda niliona maua makubwa ya gurbaba yakija polepole kati ya mihogo. Akakaa kando yangu, akatoa ukili, akaanza kusuka.

"Wewe iko nalia kwa sababu gani?"

"Hawanielewi, Mama Mwalimu."

"Watoto iko nasikia sauti yako," akasema. "Sauti yako mzuri. Maneno ndio hapana ingia." Akasuka mizunguko miwili mitatu. "Mimi iko na maneno yao. Lakini somo yako ile ya maji, mimi sijapata kuisikia. Mvua inatoka kwa maji ya chini? Kweli?"

"Kweli, Mama."

Akatazama juu, kama mtu aliyeambiwa jambo la kifamilia ambalo alifichwa miaka mingi. "Basi kesho tuingie wawili," akasema.

Nilimweleza kwamba haturuhusiwi. Akaniuliza mkufunzi yuko wapi. Nikasema yuko Arua. Akaendelea kusuka, na nikaona hakuna haja ya kuendelea kubishana.

Siku iliyofuata tuliweka sufuria ya maji juani, mbele ya mlango, tukatia alama ya mkaa mahali maji yalipofikia. Nilisema sentensi yangu, fupi, kwa Kiswahili. Naye, kutoka upande wa pili wa darasa, aliichukua na kuigeuza kuwa Kikakwa, lakini hakuifasiri tu. Aliuliza kitu. Watoto wakacheka, wakabishana, mikono ikainuka. Kisha alinirudishia: "Wanasema jua inakunywa maji. Ni hivyo?" Nami nikajibu, naye akawapelekea. Somo likawa linakwenda na kurudi kati yetu, likipita juu ya vichwa vya watoto, nao wakigeuza shingo huku na huku. Mchana tulirudi kutazama alama ya mkaa. Maji yalikuwa yameshuka kwa upana wa kidole. Darasa zima lilisongamana, themanini wakitazama ndani ya sufuria.

Tangu siku hiyo tuliandaa masomo pamoja. Jioni za mapema, kabla jua halijazama, alitandika mkeka uani, akanipa kisra, ile chapati nyembamba ya unga wa mtama, na mboga ya bamia, na tukapanga ya kesho. Nilidhani mimi ndiye ninayejifunza. Lakini Mama Mwalimu hakuwa na cheti. Aliajiriwa zamani kwa sababu alijua kusoma na kuandika na watoto walimsikiliza, na andalio la somo hakuwahi kufundishwa. Alilitazama daftari langu kama mtu anayetazama ramani ya nchi anayoishi. "Kumbe hii kitu ninayofanya asubuhi, kuuliza maneno ya jana," akasema akigusa mstari kwa kidole, "iko na jina?"

Nami nilimuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Kwa nini ulimwita mtoto yule mbele na si mwingine? Kwa nini ulinyamaza pale, wakati mimi ningesema? Mara nyingi alisema, "Sijui," akacheka. Lakini alikuwa akifikiria. Kesho yake, tukiwa njiani kwenda shule na umande ukitulowanisha miguu, alisimama ghafla na kusema, "Nilinyamaza kwa sababu mutoto alikuwa karibu kufika. Ukimwita, anageuka nyuma." Nililiandika daftarini nikiwa nimesimama hapohapo njiani.

Chaki zilikwisha. Bidhaa zilikuwa shida miaka ile, sabuni na chumvi zilitafutwa hata Kongo, na chaki haikukumbukwa na mtu. Tukaandika kwa vipande vya muhogo mkavu. Muhogo ulikwaruza ubao na kuacha unga mikononi, na mwisho wa siku sote wawili tulionekana kama tumetoka kusaga.

Katikati ya muhula tukaanza kubadilishana. Yeye alifundisha, mimi nikakaa nyuma kati ya watoto, kwenye benchi ambalo magoti yangu yalifika kidevuni. Kutoka pale niliona darasa ambalo sikuwahi kuliona nikiwa mbele. Niliona vidole vikihesabu chini ya meza. Niliona nani anapumua kwa hofu anapokaribiwa na swali. Na niliona msichana mmoja wa benchi la tatu ambaye kila Mama Mwalimu aliposema jambo, aligeuza kichwa pembeni kidogo, kama kuku anayetazama mwewe. Wenzake walipocheka, alicheka baada yao. Walipofungua daftari, alifungua baada yao.

Wakati wa mapumziko nilimwendea akiwa amechuchumaa akicheza kete. Nilisimama nyuma yake upande wa kulia, nikamwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikazunguka kushoto, nikamwita kwa sauti ndogo zaidi. Akaniangalia na kutabasamu.

Nilipomwambia Mama Mwalimu, mikono yake ilisimama juu ya ukili.

"Sikio moja?"

"Nafikiri la kulia halisikii kabisa, Mama."

Alasiri ile tulimhamisha msichana mbele, karibu na ukuta wa kulia, ili sikio lake zima lielekee darasani. Jioni Mama Mwalimu aliniwekea chakula, yeye mwenyewe hakula. Alikaa akitazama moshi ukipita juu ya ua. "Miaka mbili," akasema mwishowe. "Miaka mbili iko kwangu, alirudia darasa kwa sababu yangu. Kila siku mimi nasema, huyu mutoto kichwa yake ngumu."

Jumamosi alivaa gurbaba safi na kuniambia tuende nyumbani kwa yule msichana. Tulitembea kuelekea Dranya, njia nyembamba kati ya mtama mrefu, na upepo uliinamisha mtama ule wote upande mmoja kisha upande mwingine, mpaka nikahisi kwamba ni sisi tunaoyumba. Mama wa msichana alikuwa akianika ufuta. Mama Mwalimu hakusubiri kukaribishwa. Alisimama uani na kuzungumza kwa Kikakwa, kwa muda mrefu, mikono yake imeshikana mbele kama mtoto aliyeitwa ofisini. Sikuelewa maneno, lakini sauti ile niliielewa.

Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama mimi na kusema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, "Hapa nyumbani tunamugusa bega. Tangu alikuwa mudogo. Sisi sote tunajua."

"Kwa nini hamkutuambia?" nikauliza.

"Hakuna mutu aliuliza."

Akatuletea maji, kisha karanga. Tulikaa pale mpaka jua likapoa, na wale mama wawili wakaanza kuzungumza mambo mengine, mvua, harusi, nikasikia wanacheka. Njiani kurudi Mama Mwalimu alinishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipoona mabati ya shule.

Mkufunzi alikuja wiki iliyofuata, kwa pikipiki ya chuo, vumbi jekundu likiwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye haki na mwenye haraka, anayefuta miwani yake kila anapotaka kufikiri. Alimkuta Mama Mwalimu amesimama dirishani na mimi ubaoni.

"Asante, Mwalimu," akamwambia. "Sasa unaweza kutupisha."

Mama Mwalimu akainama kuchukua kapu. Watoto wakageuka kumtazama. Nikasikia sauti yangu ikisema, kabla sijaamua kuisema, "Samahani, Bwana. Yeye yumo kwenye somo."

"Yumo vipi?"

Nikampa andalio. Nilikuwa nimeugawa ukurasa kwa mstari wa rula katikati: kushoto kazi ya mwalimu mmoja, kulia kazi ya mwingine, dakika kwa dakika. Akausoma. Akafuta miwani. Akausoma tena. Mtoto mmoja alikohoa. Kisha akaenda nyuma, akakaa kwenye benchi lile la magoti kidevuni, akafungua fomu yake na kusema, "Endeleeni."

Lilikuwa somo la hesabu, kugawanya vitu sawasawa, kwa vizibo vya chupa. Mimi nilianza, Mama Mwalimu akaendeleza. Alipokuwa mbele nilipita kati ya mabenchi, nilipokuwa mbele akapita yeye. Mahali fulani nilikosea, nikagawa vizibo kumi na vinne kwa makundi manne, vikabaki viwili, wakati sikuwa nimepanga kufundisha mabaki. Nilisimama na kipande cha muhogo mkononi. Kutoka nyuma Mama Mwalimu akauliza kwa mshangao wa kweli, "Sasa hivi viwili tunavipeleka wapi?" Mikono hamsini ikaruka juu.

Baadaye mkufunzi aliniita nje, chini ya upenu. Alizungumza kwa Kiingereza, taratibu, akitazama fomu.

"Nimekaa kwenye madarasa mengi muhula huu," akasema, "na hili ndilo somo ambalo sikutaka liishe. Lakini fomu ina nafasi ya jina moja. Nikikupa alama za somo hili, nitakuwa nampa nani?"

"Sisi sote, Bwana."

"Sina alama za ninyi wote." Hakusema kwa ukali. Alionekana mwenye huzuni, kama daktari aliyeishiwa dawa. "Nitarudi baada ya wiki mbili. Nitakuona peke yako."

Aliomba andalio lile la safu mbili, akalikunja na kulitia mfukoni.

Aliporudi nilifundisha peke yangu. Nilijifunza sentensi ishirini za Kikakwa, Mama Mwalimu akinisahihisha tukiwa tunachambua mboga, na nilizisema zote, nyingine vibaya, na watoto walinivumilia. Halikuwa somo baya. Watoto hawakurudia maneno yangu. Lakini pale nilipohitaji jicho la pili halikuwepo, na kuna safu nzima upande wa kushoto iliyobaki nyuma bila mimi kujua mpaka nilipokusanya madaftari. Nilipewa "wastani". Nilipita.

Siku ya kuondoka watoto walinisindikiza hadi barabarani. Mama Mwalimu alinipa kifuniko cha chakula, chekundu na zambarau, ambacho alikuwa akikisuka muhula wote kumbe kwa ajili yangu. Tuliagana kwa maneno machache, kwa sababu lori lilikuwa limewasha injini.

Nilipangiwa shule mjini Arua. Mwaka uliofuata, mwanachuo mmoja aliyekuja kutembelea shule yetu aliniambia kwamba sasa walimu wenyeji wanatakiwa kubaki darasani wiki tatu za kwanza, na kwamba fomu imeongezwa mstari wa jina la pili. Sikumuuliza mkufunzi kama ilitokana na sisi. Nilikutana naye sokoni mara moja, akafuta miwani, akaniuliza habari za nyumbani, na tukaachana.

Nami nilikwenda Koboko karibu kila likizo. Mama Mwalimu alikuwa ameomba kufanya mtihani wa walimu wasio na cheti. Tulisoma pamoja uani, mimi nikimuuliza maswali ya kitabu, yeye akijibu kwanza kwa mfano wa mtoto fulani, kisha kwa jina ambalo kitabu kililitaka. Alipofaulu alifunga cheti kwenye kitambaa na kukiweka chini ya godoro, na hakumwonyesha mtu ila mimi na mumewe.

Mwaka wa 1979 vita vilitufikia, na watu wa West Nile tukatawanyika. Sisi wa Arua tulivuka kuingia Kongo na vitu tulivyoweza kubeba kichwani. Watu wa Koboko wengi walipita njia ya Sudani. Niliuliza habari zake miaka mingi. Mmoja alisema alimwona mjini Yei, huko Sudani. Mwingine alisema amefundisha watoto wa wakimbizi na kwamba walimpenda sana. Mwingine alisema hapana, huyo alikuwa mama mwingine.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa likizo moja kabla ya hayo yote. Tulikuwa tumekula, mvua ilianza kunyesha juu ya mabati, nzito, kiasi kwamba tulilazimika kukaribiana ili tusikizane. Tulikuwa tumejilaza kwenye mkeka ndani, kila mmoja kwa ubavu wake. Nilimkumbusha somo la vivuli, siku tulipowatoa watoto uwanjani kupima kivuli cha mlingoti wa bendera asubuhi, adhuhuri na alasiri.

"Ile fikira yako ilikuwa mzuri sana," akasema.

"Yangu? Ilikuwa yako, Mama Mwalimu."

"Hapana. Wewe ndiye ulisema tupime."

"Mimi niliandika tu. Wewe ulisema, tukiwa njiani."

Akafumba macho, akafikiri. Nami nilifikiri. Nilijaribu kuisikia tena sauti iliyosema neno lile kwa mara ya kwanza, na kwenye kumbukumbu yangu mara ilikuwa yake, mara yangu. "Yako," akasema tena, usingizi ukimjia. Nikasema hapana. Tulibishana hivyo kwa upole, mvua ikizidi, mpaka akalala.